Kadi ya Mama Mkwe

Kadi zilikuwa mia moja kamili, na kila moja ilikuwa imeshapata mwenyewe. Marcel, mwenyekiti wa kamati ya harusi, alizinunua Mwanza zikiwa tupu, karatasi ngumu ya rangi ya maziwa yenye maua ya dhahabu pembeni, akazituma Shinyanga kwa basi. Harusi ilikuwa ya Katoro, lakini mwaka huo wa tisini na tisa Katoro palikuwa na dhahabu, nyama choma na vumbi. Mashine ya kuchapa kadi haikuwapo. Ilikuwapo Shinyanga, dukani kwa Mama Zahida. Aliyeiendesha alikuwa Donatus, mume wa Scolastika, na Scolastika ndiye dada mkubwa wa bibi harusi.

Kwa hiyo asubuhi ile Scolastika alikuwa akitembea kifua mbele. Nyuma yake alikuja mama yake mzazi, Mbuke, aliyefika jana yake kutoka Segese ili aone mwenyewe jina la mwanawe Eunice likichapwa kwa umeme.

"Mumeo yumo?" Mbuke aliuliza walipokaribia baraza la duka.

"Yumo, mama. Si ndiye mwenye mashine?"

"Basi kohoa."

Scolastika akakohoa. Kwao mkwe mwanamume na mama mkwe hawatazamani usoni, hawakai chumba kimoja, wala hawapeani kitu mkono kwa mkono. Hata usiku uliopita Mbuke alilala kwa jirani, Mama Ghati, ingawa kwa binti yake kulikuwa na kitanda kimetandikwa. Ndani ya duka kiti kilisogea kwa haraka, mlango wa nyuma ukalia kwii. Donatus alikuwa ameshatoka uani.

"Mwangaluka!" Mbuke akasalimu, akakaa kwenye benchi la wateja, akaipa mashine mgongo kabisa na kutazama barabarani, ili hata mkwe akijisahau na kuchungulia, asikutane na uso wake.

"Mwangaluka, mama, karibu," Mama Zahida akamjibu kutoka kaunta. Alikuwa mjane wa Kihindi, Mwislamu, mzaliwa wa Shinyanga hiyo hiyo, na Kisukuma chake cha salamu kilikuwa safi kuliko cha makarani wengi wa halmashauri. Mbele yake alisimama Katekista Selestine, aliyekuja kuhakikisha kwamba saa ya misa haikukosewa kwenye kadi.

Kichwa cha Donatus kikajitokeza kwenye nondo za dirisha la uani, macho yakiwa juu kwenye bati, kikamwita mkewe.

"Mama Justa! Kila kitu nimeshakiandika, nimeshakituma kwenye mashine. Inangoja karatasi tu. Weka kadi kwenye trei, kama unavyopanga sahani, halafu bonyeza kile kitufe chenye taa nyekundu."

"Mimi? Nishike mashine mimi?"

"Haiumi!"

Scolastika akafuta mikono kwenye kanga. Akapanga kadi tatu za kwanza, akafunga macho, akabonyeza. Mashine ikakohoa, ikavuta kadi, ikaanza kulia zii, zaa, zii, zaa.

"Inaandika!" akasema kwa furaha.

"Inaandika nini?" Mbuke akauliza bila kugeuka.

Kwanza yalitoka manywele marefu, rangi ya mahindi mabichi. Scolastika akadhani ni malaika. Kadi nyingine za harusi huwekwa malaika. Likaja paji la uso, macho yaliyopakwa bluu, midomo inayocheka. Malaika gani huyu amepaka midomo? Ikaja shingo. Yakaja mabega. Scolastika akasubiri nguo.

Nguo haikuja.

Zii, zaa. Akainamia mashine kuikinga kwa kifua. Mashine haikujali, ikamaliza yote iliyokuwa nayo hadi magotini, katikati ya maua ya dhahabu, ikaiangusha kadi kwenye sahani yake, na papo hapo ikavuta ya pili. Manywele yale yale.

"Imetoka?" Mbuke akauliza.

"Imetoka, mama."

"Hiyo ndiyo yangu, ya kwanza. Nipe niione."

"Haijakauka."

"Lete niipulize."

"Mama, subiri!" Scolastika akavua kanga ya mabegani, akaifunika mashine gubigubi kama mtu anayefunika chungu cha ugali. Chini ya kanga mashine ikaendelea, zii, zaa, zii, zaa.

Katekista Selestine akaja na miwani yake mkononi. "Hebu tuone saa ya misa."

"Baba Katekista, usije."

"Saa nne au saa tano? Nisije nikasimama kanisani peke yangu." Akainua pembe ya kanga. Akatazama. Akairudisha taratibu, akavua miwani aliyokuwa ameivaa punde, akaitia mfukoni. "Saa sijaiona," akasema.

Mama Zahida naye akaja. Yeye hakuinua pembe, aliinua kanga nzima. Sahanini zilikuwamo kadi tatu: mbili za mwanamke yule wa manywele ya mahindi, akiwa kama alivyozaliwa, na ya tatu safi kabisa, imeandikwa kwa herufi za mkunjo kwamba familia inayo furaha kubwa kukualika wewe. Ya tatu ilikuwa nzuri mno. Hakuna aliyeisifia.

Duka likanyamaza hivyo hivyo. Barabarani baiskeli ilipita ikipiga kengele.

"Nimezaa tisa," Mbuke akasema akitazama barabara. "Najua kimya cha watu waliovunja kitu."

*

Yalikuwa hivi. Jana yake mchana, Mama Zahida alipokwenda kuswali na kula, dukani alibaki Donatus na mteja mmoja aitwaye Ngusa, dalali wa dhahabu wa Nyarugusu. Kompyuta ya pale dukani ilikuwa ikipiga simu Mwanza na kuingia kwenye mtandao. Watu wa makampuni walikuja kutuma barua zao, na Ngusa alikuja kuangalia bei ya dhahabu ya Ulaya. Siku ile bei aliimaliza upesi.

"Donatus, kuna vitu humu hujawahi kuviona. Mzungu mmoja wa kambi ya mgodi alinionyesha."

"Hii ni mashine ya kazi, ndugu yangu."

"Na sisi si tunafanya kazi? Angalia mara moja tu."

Picha za wakati ule zilikuja polepole, mstari kwa mstari, kama mtu anayeshusha pazia. Mtu angepata nafasi ya kutubu kabla haijafika kifuani. Donatus hakutubu. Aliposikia kiatu cha Mama Zahida barazani, akataka kuifunga, akabonyeza pasipo pake, pa kuchapa. Akabonyeza tena pale pale. Mashine ya kuchapa ikawasha taa nyekundu kuomba karatasi, na karatasi hazikuwamo. Donatus akazima kioo, akaona giza, akashukuru Mungu. Alidhani kuzima kioo ni kuzima kila kitu.

Hapo ndipo wengi wanapoangukia. Kioo ni mlango tu. Mashine ilikuwa imemsikia vizuri mara zote mbili, ikaweka kichwani, ikalala na maneno yake, na asubuhi ilipopewa karatasi ikafanya alichoagizwa, kwa utaratibu wa aliyetangulia kuomba. Kama asubuhi ile angekuwa kitini mwenyewe, angeiwahi. Lakini alikuwa uani, akimkimbia mama mkwe kwa heshima.

*

"Ngusa ndiye aliyefungua," Donatus alisema, amesimama kwenye stoo nyuma ya maboksi ya daftari, shati limemganda mgongoni. Scolastika alisimama kando yake na kadi mbili chini ya kanga, zikimchoma kama makaa.

"Ngusa ana vidole vyako?" Mama Zahida aliuliza. Hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Baba yangu alifungua duka hili kwa kuuza penseli. Masista wananiletea mitihani yao nichape. Watoto wanaingia hapa kununua rula. Leo Katekista ameona, kesho Padri atauliza, keshokutwa masista watapeleka mitihani kwenye duka la Vipul. Utawaambia nini? Ngusa?"

"Naomba msamaha, Mama Zahida."

"Naambiwa mjini, huyu mama ameleta mashine ya nini? Naitetea. Nasema ni mashine ya kazi, ni ya maendeleo. Wewe umenifanya mwongo." Akachukua kikombe cha bati cha Donatus kwenye rafu, akakifunga ndani ya gazeti kuukuu kama kitu kilichonunuliwa, akampa. "Nenda nyumbani."

Donatus alipita mji mzima na kikombe kile kwapani. Scolastika alitembea hatua kumi nyuma na mama yake, asijue amtazame nani. Sokoni muuza nyanya akaita, "Baba Justa, leo mapema! Umenunua nini?" Donatus akasema, "Kikombe." Muuza nyanya akasema hongera.

*

Siku mbili Donatus aliwaambia majirani yuko likizo. Alirekebisha mlango wa choo uliokuwa mzima. Justa, binti yao wa darasa la tatu, alimzunguka zunguka.

"Baba, likizo yenu inaisha lini?"

"Siku ikifika."

"Sisi yetu inaandikwa ubaoni."

Scolastika alipika uji, akaumwaga kidogo, akapika tena. Usiku kucha alipiga hesabu za kichwani, akaziacha katikati kwa sababu zote ziliishia mlango ule ule: mshahara wa duka la Mama Zahida. Kodi ya nyumba ilitoka pale, daftari za Justa zilitoka pale. Na vijana waliojua kuchapa walikuwa wameanza kuwa wengi. Kazi ile ikimponyoka, ingedakwa kabla ya jua kuzama.

Kilichomuuma zaidi kilikuwa ua wa mabua uliowatenganisha na Mama Ghati. Nyuma yake alikaa Mbuke, akichambua choroko, hasemi. Siku ya pili jioni akasema.

"Mama Justa. Njoo huku."

Scolastika akazunguka, akaketi chini.

"Nimekuja kuona kadi. Kadi sijaiona. Mkwe wangu anatengeneza choo kizima. Nieleze."

"Mama, nitaanzia wapi?"

"Anzia palipo na aibu. Kwingine nitapajua mwenyewe."

Scolastika akanong'ona yote, uso magotini. Manywele ya mahindi, midomo, mabega. Alipofika pale pa kusubiri nguo, choroko ziliacha kulia kwenye ungo. Akainua macho kwa hofu. Mbuke alikuwa ameziba mdomo kwa kanga, mabega yanaruka, machozi yanamtoka.

"Ukamfunika na kanga!" Mbuke alisema alipopata pumzi. "Masikini, mwanangu, ukaona atapata baridi!"

"Mama, unacheka? Tumefukuzwa kazi!"

"Nacheka kwa sababu mgongo wangu umeona na macho yangu hayakuona. Ningegeuka, tungekuwa tunazungumza mengine." Akajifuta. Kisha akaita kwa nguvu kuelekea ua wa mabua. "Mama Justa, mwambie mumeo anadaiwa kondoo! Wa kuomba radhi! Dume, mnene, afike Katoro kabla ya harusi!"

Scolastika, ingawa mumewe alikuwa hatua nne tu nyuma ya mabua, akarudia kama inavyopasa. "Baba Justa, mama anasema kondoo."

"Mwambie mama nimesikia," ikajibu sauti nyembamba.

"Mwambie mumeo kesho asiondoke nyumbani. Mimi nakwenda dukani."

*

Mama Zahida ambaye Mbuke na Scolastika walimkuta hakuwa yule wa juzi. Wino ulikuwa umempanda hadi kwenye kiwiko. Sakafuni zilitapakaa karatasi za majaribio, na kwenye zote jina la Eunice lilikuwa limetoka kichwa chini, miguu juu.

"Nimejaribu mwenyewe," akasema kabla hawajaketi. "Nimemleta na yule mtoto wa Vipul. Naye ameshindwa. Kadi zenyewe sijazigusa, naogopa kuziharibu, na Marcel anapiga simu kila saa. Ananiuliza mimi! Mimi ndiye niliyemzaa bibi harusi?"

Mbuke akakaa kwenye benchi, safari hii akiielekea kaunta. "Mama Zahida, katika jambo hili nani amekosewa zaidi? Mimi au wewe?"

Mama Zahida akafikiri. "Wewe ni mama mkwe."

"Basi niachie nihukumu. Mimi ningemfukuza, angekwenda wapi? Angekwenda kwa Vipul, akae nyuma ya kabati jingine na mashine nyingine. Hapo amepona. Mkosaji namtaka pale anapoonekana."

"Na mimi nikienda kuswali, nani atamwona?"

Mbuke akaitazama mashine kwa mara ya kwanza. Kompyuta ilikuwa kwenye kona ya ndani, kioo kimeelekea ukutani, mgongo umeelekea watu. Akainyooshea kidole.

"Hii nayo ina mkwe humu ndani?"

"Kwa nini?"

"Mbona imewapa watu mgongo?"

Scolastika akacheka kabla hajajizuia. Mama Zahida akatazama kona, akatazama mlango, akatazama barabara ilivyojaa watu, akaanza kucheka naye, cheko la mtu aliyelala vibaya siku mbili. Wakaisukuma meza wote watatu, waya zikaning'inia, hadi kioo kikauangalia mlango wazi na barabara nzima ya sokoni.

"Mama Justa," Mama Zahida akasema akihema, "mwite mumeo. Mwambie saa ya chakula atoke akale nje kama watu wengine, na mashine naifunga kwa ufunguo. Mwambie Ngusa bei yake ya dhahabu ataisomea hapa, mbele ya muuza nyanya. Na kazi ya kwanza aniandikie tangazo."

Tangazo lilibandikwa siku hiyo hiyo juu ya mashine, limeandikwa na Donatus mwenyewe kwa herufi kubwa: MASHINE HII NI YA KAZI. USICHOWEZA KUMWONYESHA MAMA MKWE WAKO, USIKIFUNGUE. Wateja wageni kutoka pwani waliuliza maana yake. Wa Shinyanga hawakuuliza, walivuta kiti mbali kidogo na kioo. Katekista Selestine alikuja, akavaa miwani, akalisoma mara mbili, akasema kwamba hili hata kanisani lingesomwa. Kisha akasoma saa kwenye kadi. Ilikuwa saa nne.

Kadi mbili zile Scolastika alizitia kwenye jiko la mkaa, yeye na Mama Zahida wamesimama juu yake hadi maua ya dhahabu yalipojikunja. Zikabaki tisini na nane, na wageni walikuwa mia. Marcel alipopigiwa simu alisema neno moja: kadi za nje zimeshaahidiwa, zipungue za ndani ya familia. Zikapungua. Moja ilikuwa ya Bwana na Bibi Donatus. Nyingine ilikuwa ile ya kwanza kabisa, ya mama wa bibi harusi.

*

Katoro siku ile ilinukia pilau hadi stendi ya mabasi. Turubai lilifungwa kwenye uwanja, kamba nyekundu ikawekwa mlangoni, na Marcel, ndani ya suti nyeupe na miwani nyeusi, alitangaza kwa kipaza sauti, "Hakuna kadi, hakuna pilau! Hata mimi mwenyewe yangu ninayo mfukoni!" Wachimbaji waliozoea kuingia harusini kwa mabega walisimama kando wakiguna.

Asiye na kadi aliweza kuingia kwa njia moja tu, nayo ni kufanya kazi. Scolastika aliingia upande wa sufuria. Donatus alipewa kamba. Alisimama mlangoni tangu saa sita, tai imemkaba, anapokea kadi alizochapa mwenyewe, anazihesabu, anasema karibu, karibu. Kila iliyopita mkononi aliigeuza kwanza upande wa mbele na kuitazama vizuri. Mazoea mapya. Kondoo alikuwa ameshafika, ameshapokelewa, na sasa alikuwa kwenye sufuria ya tatu.

Ndipo Scolastika aliposikia vigelegele vya wanawake wa Segese. Mama yake alikuwa anakuja, kitenge kipya, kilemba kimesimama, anacheza kwa mabega katikati ya shangazi na kina mama wakwe. Mikono yake yote miwili ilikuwa mitupu. Scolastika akaacha mwiko, akakimbia hadi mlangoni, lakini watu walikuwa wamejaa, na Marcel alikuwa hatua tatu tu kutoka kwenye kamba.

Hakuwa na la kufanya. Akakohoa.

Donatus alikisikia kikohozi kile kupitia ngoma, vigelegele na kipaza sauti. Akageuka pale pale, akaweka uso kwenye turubai kama mtoto aliyepewa adhabu, na kamba nyekundu ikamponyoka, ikaanguka chini. Mbuke akaivuka akicheza, asikose hata hatua moja.

"Donatus!" Marcel akafoka. "Huyo mama amepita bila kadi!"

"Mama yupi?" Donatus akaliuliza turubai. "Mimi sijaona mtu."

"Mwenyekiti," Mbuke akasema, akiendelea kucheza, "usimgombeze kijana. Kadi yangu ilitoka ya kwanza kabisa. Ila ilitoka haina nguo, nikaona si vizuri kuja nayo kwenye watu."

Marcel akatazama huku na huku, hakuelewa. Katekista Selestine, kwenye meza ya mbele, alipaliwa na soda, na Mama Zahida aliyeketi karibu naye akampiga mgongoni huku yeye mwenyewe machozi yakimtoka chini ya mtandio. Scolastika aliinama, akaiokota kamba, akasimama kando ya mumewe. Uso wa Donatus ulikuwa bado kwenye turubai, na mabega yake yalikuwa yanatetemeka.

"Unalia, Baba Justa?"

"Ameshakaa?"

"Bado. Anacheza."

"Basi niache hapa hapa," Donatus akasema kwa kicheko alichokibana kooni. "Hapa pazuri."